Kikapu Kilichorudi Kitupu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Consolate kilikuwa mstari mweusi kwenye mdomo wake wa chini. Nilidhani ni kovu. Baadaye, nilipomwona akifanya kazi, nilielewa. Kila uzi anaotaka kuupitisha kwenye kikapu huulainisha kwanza kwa mate, na nyuzi nyeusi, zile alizozichemsha kwa matope na majani, huacha rangi yao mahali pale pale mwaka hadi mwaka. Alipoona ninautazama mstari ule hakukasirika.

"Ni alama ya kazi, mutoto yangu," alisema. "We utapata yako ku vidole."

Ilikuwa mwaka 2002. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na shahada ya lugha, na kazi pekee niliyoipata ilikuwa kuangalia kompyuta katika duka la intaneti la Bwana Massoudi, mjini Bujumbura, hatua chache kutoka soko kuu. Bwana Massoudi ni mtu wa mtaa wa Buyenzi, mnene, mcheshi, na tangu siku ya kwanza aliniita Licence, kwa sababu ya shahada yangu. "Licence, fagia." "Licence, printa imekwama." Nilizoea.

Mama Consolate alikuja kwa miguu kutoka mtaa wa Kinama, amebeba kitu kilichofungwa kwa kitenge. Kanisani alikuwa amesikia kwamba kuna mashine ambayo mtu huweka picha ya kitu chake, na watu wa mbali wakakinunua. Alifungua kitenge mezani. Ndani mlikuwa na agaseke, kile kikapu chetu kidogo chenye kifuniko kirefu kilichochongoka kama paa la nyumba ya zamani. Kilikuwa cheupe, na mistari myeusi ilipanda kwa kuzunguka mpaka ncha ya kifuniko bila kukatika hata pale kifuniko kinapokutana na mwili wa kikapu.

Mumewe alikuwa mpakuzi bandarini. Magunia yaliyochanika wakati wa kupakua mizigo ya Kigoma aliyaleta nyumbani, naye mkewe akayafumua uzi mmoja mmoja. Mume alifariki katika miaka ile ya vita ambayo Kinama ilibaki mahame. Mama Consolate alikimbia, akarudi, akaezeka nyumba tena. Wapakuzi waliofanya kazi na marehemu wanaendelea kumwekea magunia hadi leo. Hayo ndiyo aliyonieleza. Kuhusu watoto hakusema, nami sikuuliza.

Nilimtengenezea ukurasa. Tulipiga picha kwa kamera ndogo ya Bwana Massoudi, tukaandika maelezo kwa Kifaransa, na kabla ya mvua kuanza tukapata mteja wa kwanza, bibi mmoja wa Ufaransa. Kikapu kilipomfikia aliandika kwa uchungu mwingi. Alikuwa ameagiza kikapu cha kuwekea nguo chafu, na hiki hakikutosha hata soksi.

Nilimsomea Mama Consolate ujumbe huo.

"Nguo chafu," alisema. "Mu agaseke."

"Hakujua ukubwa wake, Mama. Kwenye picha kinaonekana kikubwa."

"Basi weka kitu kando yake, ajue."

Tukaweka yai. Kila mtu duniani anajua ukubwa wa yai. Kila tulipopiga picha mpya, Mama Consolate alinunua yai sokoni, na baada ya picha Bwana Massoudi alilikaanga. Lakini yai nalo likazaa maneno, kwani mwanamume mmoja wa Uswisi aliuliza kama yai limo kwenye bei, na kama litatumwa likiwa limechemshwa.

"Mwambie yai ni ya patron," alisema Bwana Massoudi, patron mwenyewe, akitafuta chumvi.

Tulicheka siku hiyo. Nikaandika chini ya kila picha kwamba yai haliuzwi.

Suala la ulezi halikuwa la kuchekesha. Mama Consolate hakuwahi kutuma kikapu bila kutia ndani konzi ya ulezi. Kwetu kikapu hakiendi kitupu wala hakirudi kitupu. Ukimpelekea jirani unga, atakurudishia kikapu chako na maharage, au chumvi kidogo, au akikosa kabisa, jani la mboga. Akikirudisha kitupu, amekwambia kwamba njia iliyo kati ya nyumba yako na yake imeota nyasi. Wateja wetu hawakuyajua hayo. Mmoja aliuliza kama zile ni dawa za kuua wadudu. Mwingine, wa Kanada, alituandikia kwamba kikapu hakikumfikia: watu wa uwanja wa ndege kule walikuta mbegu ndani, wakazitupa, na kikapu wakakichoma moto.

"Wamechoma?" Mama Consolate aliuliza.

"Ni sheria yao, Mama. Wanaogopa magonjwa ya mimea. Afadhali tuache kutia ulezi."

"Nitume bule, kitupu, kama muchawi?"

Hakuacha. Alipunguza tu, ikawa punje chache katika kikunjo cha karatasi.

Na ni ulezi huo uliomleta Esperance.

Esperance anaishi Liège, Ubelgiji, na kazi yake ni kuhudumia wazee. Aliondoka Bujumbura mwaka 1993 akiwa na binti yake Mélissa, wakati huo msichana wa shule, na wengine wote wa nyumba yao hakuwaona tena. Aliagiza kikapu kama wateja wengine. Kilipofika hakuandika neno juu ya ukubwa wala rangi. Aliandika kwa Kirundi: "Nimekaa chini jikoni, nimeushika ulezi mkononi. Nani alikufundisha kutonitumia kikapu kitupu?"

Mama Consolate aliniambia nijibu: "Mama yangu. Na wewe, ni nani alikufundisha kuuliza?"

Kuanzia hapo haikuwa biashara tena. Mama Consolate alikuja hata wiki ambazo hakuwa na kikapu cha kupiga picha. Alivuta kiti karibu nami akisuka huku ananiambia cha kuandika. Walizungumza juu ya vitu vidogo: jinsi ya kuondoa harufu ya samaki mikononi, mvua, nyimbo za kanisani ambazo mmoja alikuwa amesahau ubeti wa pili. Siku moja Mama Consolate aliniandikisha habari ndefu juu ya maharage aliyokuwa akipanda mama yake, yenye madoa kama yai la kware, ambayo hayaonekani tena sokoni. Niliandika yote. Bwana Massoudi alisema hajawahi kuona maharage yakipanda ndege.

Mwishoni mwa mwaka ule Esperance aliandika kwamba Mélissa amechumbiwa, harusi itakuwa Desemba ya mwaka unaofuata. Upande wa bwana harusi una mashangazi na wajomba wa kujaza basi. Upande wake hana mtu. "Nataka uwe mama mdogo wa Mélissa," aliandika. "Najua huwezi kuja. Nitaweka kiti chako mbele, na kikapu chako juu ya kiti. Wakiuliza, nitasema ni mdogo wangu, yuko nyumbani."

Nilipomaliza kusoma, Mama Consolate alikuwa ameshika uzi kati ya midomo yake, hausukumi wala hauvuti. Kisha akautoa.

"Soma tena hapo pa mudogo wangu," alisema.

Alikuwa na dada wawili zamani. Hakuna aliyebaki wa kumwita mdogo.

Shida ilianzia kwenye kifuniko. Nyumba za kule hupashwa moto wakati wa baridi, hewa inakauka, na nyasi za kikapu zilizosukwa huku kando ya ziwa zilisinyaa. Kifuniko kilianza kucheza, mwisho kikawa kinaangukia ndani. Esperance alieleza kwa aibu, kama mtu aliyevunja kikombe cha mgeni. Alisema atakirudisha kikapu Bujumbura kisukiwe kifuniko kipya, kikae sawasawa siku ya harusi. Mama Consolate alifurahi. Alianza kuchemsha uzi mweusi kabla kikapu hakijafika.

Kilifika mwezi wa Mei, 2003. Kilichukuliwa uwanja wa ndege na Melchior, wakala wa forodha anayetutolea vifurushi vyetu, kijana mwenye haraka ambaye hata kitini hakai vizuri. Alikiweka mezani, akasema "Koli yako, Mama," akaenda zake.

Mama Consolate alifuta mikono kwenye kitenge. Alifungua karatasi, akatoa kikapu, akainua kifuniko. Aliangalia ndani. Akakigeuza kuelekea dirishani, akaangalia tena, akapitisha kidole chini kabisa. Hakukuwa na kitu.

"Kimefika," alisema.

Niliona uso wake, nikajaribu kusaidia. Nilisema labda Esperance alisahau, labda alikuwa na haraka, miaka kumi Ulaya ni mingi.

"Aliyekaa chini na ulezi yangu mu mukono," alijibu, "ndiye amesahau?"

"Labda, Mama."

"Apana. Muzungu anaweza kusahau, yeye hakuambiwa. Huyu anajua." Alifunika kikapu, kifuniko kikaangukia ndani, akakitoa, akakifunika tena. "Amenipa jibu. Labda watu wa bwana harusi wamemuambia, mama mudogo gani huyu wa mu kompyuta. Amesikia haya. Bon. Amesema kwa kikapu, mi nimesikia."

"Tumwulize basi."

"Mutu anauliza kitu kama hii?" Alinitazama kama anayemtazama mtoto. Na kweli, hakuna anayeuliza. Jirani akikurudishia kikapu kitupu, humfuati mlangoni kumwuliza sababu. Unakitundika, unapita upande mwingine wa barabara.

Esperance aliandika mara mbili kuuliza kama kikapu kimefika. Mama Consolate alisema nisijibu, jambo hilo ni lake, si langu. Nyumbani alikitundika darini kikiwa kimeinamishwa, na uzi mweusi aliouchemsha akausukia vikapu vya watu wengine.

Julai makombora ya waasi yakaanguka mjini. Bwana Massoudi alifunga duka. Tulipofungua tena, simu ilikuwa imekatwa, ikabaki hivyo kwa muda mrefu, na iliporudi sanduku letu la barua pepe lilikuwa limefungwa kwa kutotumiwa. Nikafungua jipya. Wateja wapya waliandika huko. Jina la Esperance halikuonekana, na Mama Consolate hakulitaja. Desemba ilipofika alikuja siku moja, akakaa kwenye kiti chake bila kazi mkononi, akaangalia kompyuta iliyozimwa, akaondoka. Nilijua ni siku gani. Bwana Massoudi naye alijua, ndiyo maana hakufanya mzaha.

Aprili mwaka huu Melchior aliingia dukani akilalamika. Mteja wake mmoja alikuwa ametumiwa jibini kutoka Ulaya, ikatolewa kwenye kifurushi, na mteja anamwita mwizi.

"Nimwambie mara ngapi?" alisema. "Chakula haina karatasi, inabaki pale. Wanatoa, wanatupa. Hata kama ni ya mukwe wako."

"Labda wewe ndiye ulikula," alisema Bwana Massoudi. "Umeanza kuwa na mashavu."

"Patron, mi sili kitu inanuka vile. Uliza Mama Consolate. Hata yake walitoa mbele yangu, nilisema kitu? Sheria ni sheria."

Mama Consolate alikuwa akikata ncha za nyuzi. "Yangu gani?"

"Si ile koli ya mwaka jana? Ile kikapu ya Liège."

"Ilikuwa na nini?"

"Maharage, Mama. Ilikuwa imefungwa mu kitambaa, imejaa kikapu mupaka juu. Walimwaga yote." Melchior alianza kuona kwamba sote tunamtazama. "Mi nilifikiri mwenyewe alikuandikia."

"Mutu haandiki kitu ameweka mu kikapu," Mama Consolate alisema taratibu. Kisha akauliza: "Yalikuwa rangi gani?"

"Maharage tu. Ya madoa madoa."

"Madoa kama yai ya kware."

"Ndiyo. Namna hiyo."

Aliweka mkasi mezani. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku hiyo hakulia. Alikaa ameshika kikapu kisichokamilika mapajani, akasema, si kwetu:

"Aliyapata wapi kule?"

Melchior alivua kofia.

"Mi mwenyewe walinichomea," aliendelea. "Ulezi yangu ya Kanada. Nilijua hii njia inakula vitu. Nilijua, na sikufikiri. Nilifikiri mabaya kwanza."

"Hali ya hii nchi, Mama," alisema Bwana Massoudi kwa sauti ambayo sikuizoea kwake. "Wallahi, sisi wote siku hizi tunafikiri mabaya kwanza. Ndiyo inatuweka hai."

"Nani alikuwa ananipiga risasi kutoka Liège?" Mama Consolate alimwuliza.

Tuliandika siku ile ile. Aliniambia niandike mistari miwili tu: kwamba maharage yalitolewa njiani, na kwamba yeye alidhani kikapu kimerudi kitupu. Hakuomba msamaha kwa maandishi. Alisema msamaha unaombwa kwa mdomo. Niliongeza namba ya simu ya kabini yetu, kile kibanda cha simu pembeni mwa duka.

Kesho yake simu ililia, nikainua, nikasikia mwanamke anapumua. Nikampa Mama Consolate. Alikishika chombo kwa mikono miwili. Mlango wa kabini yetu haufungi vizuri, na Esperance alisema kwa sauti kubwa kama wafanyavyo watu wanaopiga kutoka mbali, hivyo nilisikia karibu yote.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

Esperance akasema: "Nilikusomea misa."

"Ya wafu?"

"Ya wafu. Redio ilisema makombora. Nikaandika, barua zikanirudia, kila moja. Nikasema, basi, hata huyu."

Mama Consolate aliegemea ukuta. "Ilikuwa nzuri, hiyo misa?"

"Padri alikosea jina lako. Alisema Consolata."

"Basi haikunishika," alisema Mama Consolate, na huko Liège nikasikia kicheko kilichogeuka kikawa kitu kingine.

Aliomba msamaha wake kwa mdomo, kama alivyosema. Esperance alikuwa akirudia, "Acha, acha." Kisha Mama Consolate akauliza juu ya harusi. Kiti kiliwekwa, Esperance alisema. Hakuwa na kikapu cha kuweka juu yake, na hakutaka kuweka kingine. Alitandika kitambaa cheusi. Watu wa bwana harusi walipouliza, alisema ni mdogo wake, amekufa vitani. Walisimama wote kimya kwa ajili yake.

Nilimwona Mama Consolate akifunga macho. Ukumbi mzima wa watu asiowajua ulisimama kwa heshima yake, wakati yeye alikuwa hai, amekaa hapa mbele ya kompyuta iliyozimwa, amekasirika. Harusi haifanywi mara mbili. Hilo amelirudia mara nyingi tangu siku ile, hata tukiwa katikati ya mazungumzo mengine: "Mélissa alitoka nyumbani kwao bila kikapu, na kikapu ilikuwa darini kwangu." Hasemi zaidi. Analainisha uzi, anaendelea.

Lakini kabla ya kukata simu, Esperance alikuwa na habari moja. Mélissa ni mjamzito, mtoto anatarajiwa Septemba.

Mtoto akizaliwa, mzazi hutembelewa na ndugu zake wakiwa wamebeba vikapu vyenye zawadi, na wa kwanza kuingia anapaswa kuwa wa upande wa mama yake. Kwa hiyo Mama Consolate alikitoa kikapu kile darini. Alisuka kifuniko kipya, akakifanya kipana kidogo kuliko mdomo wa kikapu, kikisinyaa kwenye joto la nyumba ya Liège kikae mahali pake. Melchior alikuja mwenyewe kueleza kipi kinapita na kipi hakipiti. Ulezi hapana, maharage hapana, chumvi labda.

"Nguo?" Mama Consolate aliuliza.

"Nguo inapita, Mama. Nguo haina shida."

Siku iliyofuata alileta mbeleko. Ilikuwa imefuliwa na kukunjwa, rangi yake imefifia pale mgongo wa mtoto unapokaa. Ilijaza kikapu sawasawa mpaka juu. Melchior aliuliza kwa nini tusikitume mapema, kifike kabla. Mama Consolate alimtazama kwa huruma. Mbeleko haitumwi kwa mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Sasa ni Septemba. Kikapu kiko juu ya kabati, kando ya kabini ya simu, kimefunguliwa, kifuniko kando. Kitafungwa mtoto akishazaliwa. Mama Consolate anakuja kila asubuhi na kazi yake, anakaa pale ambapo simu ikilia ataisikia kabla yangu. Melchior ameacha namba ya jirani yake, tumwite saa yoyote. Bwana Massoudi amepiga marufuku mazungumzo marefu kabinini, yeye ambaye anaishi kwa mazungumzo marefu.

Leo simu imelia mara nyingi. Ilikuwa mfanyabiashara wa soko la Jabe akimtafuta kaka yake, kisha mtu aliyekosea namba, kisha mfanyabiashara yule yule. Kila mara Mama Consolate alisimama, uzi ukining'inia mdomoni.

"Kaa, Mama," Bwana Massoudi alimwambia. "Watoto wa Ulaya wanazaliwa kwa rendez-vous, saa inapangwa mbele."

"Mi niko mama mudogo," alijibu. "Nikikaa, nani atasimama?"

Hajakaa bado.